Kwangu Bado Haifunguki

Msamala, Songea
4 Machi 2024

Kwa Dawati la Msaada, Maktaba ya Chuo, Mwanza

Ndugu Mkutubi,

Mimi ni mwanafunzi wa uzamili wa historia, ninasoma nikiwa nyumbani. Pia ni mkeo. La kwanza hukulijua, la pili natumaini bado unalikumbuka.

Nimejiandikisha chuoni kwenu tangu Novemba. Sikukuambia kwa sababu nilitaka kwanza niwe na kitu mkononi. Nimechoka kuwa mtu wa "nina mpango". Na ninaandika kwa anwani hii ya barua pepe ya kazini, siyo kwenye simu yako, kwa sababu nakujua. Barua ya mtafiti unaijibu kabla chai haijapoa. Ujumbe wa mke unausoma, unaweka simu mezani, unasema nitamjibu nikitulia, na kutulia kwenyewe hakuji. Tukipigiana simu tunaulizana mtoto amekula nini, halafu bando linaisha. Basi nimeamua kuwa mtafiti.

Shida yangu ni hii. Ninaandika juu ya wake wa manamba. Unawajua manamba, wanaume wa huku kwetu waliochukuliwa enzi za Mwingereza kwenda kukata mkonge Tanga, kila mmoja na namba yake. Wao wameandikwa sana. Mimi nawataka wanawake waliobaki Songea: walilima nini, walikula nini, walisema nini mwaka ulipopita na mtu hajarudi. Dakta Gaspari, msimamizi wangu, amenirudishia sura ya pili na maneno matatu ya wino mwekundu pembeni: "Vyanzo viko wapi?" Nikiingia mtandaoni naona vichwa vya makala vizuri vizuri, nikivigusa vinataka nilipe kwa dola. Nimeambiwa maktaba yenu imeshalipia. Mbona mimi nadaiwa?

Naomba msaada.

Beata Komba
(Mama Leticia)

Leticia ameng'oka jino la mbele. Hilo si swali, usiliandikie namba ya kumbukumbu.


Maktaba ya Chuo, Mwanza
4 Machi 2024

Mpendwa mwanafunzi,

Swali lako limepokelewa, na aliyelipokea alilazimika kutoka nje kidogo kabla ya kulijibu. Lightness, msaidizi wangu hapa dawatini, akaniuliza kama nina msiba. Nikamwambia hapana, mke wangu anasoma.

Unadaiwa kwa sababu unaingilia dirishani. Ukitafuta makala kwenye mtandao wa kawaida, mwenye jarida hakujui, anakuona mpita njia. Fungua kwanza ukurasa wa maktaba yetu, bonyeza palipoandikwa "Rasilimali za kielektroniki", weka namba yako ya usajili na pasiwadi uliyopewa na chuo, ndipo uanze kutafuta. Ukipita hapo, mwenye jarida atakuhesabu kama umekaa humu humu kwenye ukumbi wa kusomea. Nilipoandika sentensi hiyo niligeuka nikatazama ukumbini.

Kwa nini hukuniambia, Beata? Ningekusaidia tangu mwanzo. Lakini najua hilo si swali la dawati.

Mwambie Leticia asiuguse ufizi kwa ulimi, jino litaota upande. Na ile njia ikikataa, andika tena.

Ramson Ngonyani
Dawati la Msaada


Msamala, Songea
21 Machi 2024

Ndugu Mkutubi,

Nimefuata maelekezo neno kwa neno. Kwangu bado haifunguki. Labda ni simu yangu, labda ni mtandao wa Msamala. Mvua ikianza huku hata redio inakohoa.

Na hata ikifunguka, sijui nitafute kwa neno gani. Nimeandika "wake wa manamba" kwenye kile kisanduku, nikaambiwa hakuna matokeo. Nimeandika "wanawake Songea", hakuna matokeo. Nikakaa nayatazama maneno hayo. Wanawake wote wale waliolima, wakazaa, wakazika, hakuna matokeo. Nikacheka, halafu nikaacha kucheka.

Mama yako hajambo. Nilikwenda Maposeni Jumamosi, mahindi yake yamebeba vizuri. Aliniuliza unakuja lini, nikamwambia jambo hilo bado nalifanyia utafiti. Akanitazama tu, unajua anavyotazama.

Nyumba imekuwa kubwa, Baba Leticia. Ulipokuwa hapa nililalamika kwamba unaacha magazeti kila kiti. Sasa viti vyote viko wazi na hakuna anayekaa.

Beata


Maktaba ya Chuo, Mwanza
22 Machi 2024

Mpendwa Beata,

Tuanze na maneno, hilo la kufungua tutalirudia. Kosa lako ni kosa letu wote tunaotoka huko: unawatafuta watu kwa jina wanaloitwa nyumbani. Kanzidata haijui sisi tunawaitaje. Inajua aliyeandika aliwaitaje. Na aliyeandika alikuwa ofisa wa kikoloni, au mmisionari, au profesa wa miaka ya sabini, na wote watatu walikuwa wanawatazama wanaume. Manamba kwao ni "vibarua wahamaji". Yaandike kwa Kiingereza, uyafunge maneno hayo mawili kwa alama za kunukuu ili yasitengane, la sivyo utaletewa kila kibarua duniani. Mji wetu Wajerumani waliuandika Ssongea, kwa S mbili. Jaribu na hiyo.

Kuhusu wake zao, usitafute wanawake. Tafuta njaa. Tafuta upungufu wa mahindi, mashamba yaliyoachwa, mahari, kesi za ndoa zilizopelekwa kwa machifu. Humo utawakuta wanapita, hawana majina. Na ukipata makala moja nzuri usiikumbatie peke yake. Nenda mwisho wake, kwenye marejeo, uone mwandishi naye alisoma kwa nani.

Kazini kuna mambo, nitakueleza yakikaa sawa. Jioni napika mwenyewe. Ugali wangu bado una madonge. Nakukumbuka zaidi wakati wa kusonga kuliko wakati wa kula, sijui kwa nini.

Andika tena.

Ramson


Msamala, Songea
2 Mei 2024

Ndugu Mkutubi,

Neno njaa limeniletea vichwa vingi mpaka nimeshindwa kuvihesabu, ahsante. Lakini pasiwadi sasa imekataa kabisa. Haifunguki.

Hata hivyo nina habari. Nimekwenda Maposeni kumwona Bibi Notburga, yule jirani wa mama yako, ambaye mumewe alichukuliwa kwenda Tanga wakiwa wana mwaka mmoja wa ndoa. Nikamwamkia, akauliza mimi ni wa nani, nikamtaja mama yako, akanivutia kigoda. Tukaongea mengi. Mwisho nikamuuliza alimwambiaje mumewe kwamba amemkumbuka.

Akanishangaa. "Mwanangu, maneno hayo utampa mtu aende nayo kwenye lori mpaka Tanga? Ayaseme mbele ya wanaume wenzake?"

"Sasa ulisemaje, Bibi?"

"Nilisema paa linavuja."

Kila aliyekuwa anakwenda mkonge alimpa salamu hizo: mwambie mume wangu paa linavuja. Na nyumba yake, anasema, ilikuwa haivuji hata tone. Mume akaleta fedha ya nyasi. Bibi akatuma tena salamu zile zile, ikaja tena ya nyasi. "Nilikuwa na nyasi za kuezeka kanisa," akasema, akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga. Baadaye sana, wakiwa wazee kisimani, aligundua kwamba wenzake nao walikuwa wanatuma paa linavuja, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyebuni.

Hili haliko kwenye makala yoyote. Huko wameandika tu kwamba nyumba ziliharibika kwa kukosa nguvu kazi ya wanaume, wakaweka na jedwali.

Likizo ya Juni unakuja? Leticia ameanza kupanga atakaa wapi kwenye kochi na wewe utakaa wapi.

Beata


Maktaba ya Chuo, Mwanza
3 Mei 2024

Mpendwa Beata,

Simulizi ya Bibi Notburga ni mali. Rudi kwake, umwombe ruhusa, umrekodi, uandike tarehe na mahali. Mtafiti mwenye sauti kama hiyo mkononi haziombi makala zimpe la kusema, anaziuliza kwa nini hazikulisema.

Pasiwadi nimekubadilishia, mpya nimeituma kwenye simu yako. Barua ijayo nitakueleza jinsi ya kuona ni nani walioinukuu makala fulani baada ya kuchapishwa, maana marejeo yanakurudisha nyuma na hiyo inakupeleka mbele. Ni hatua ya peke yake, tusiichanganye na hii.

Juni sitaweza. Kuna safari ya kikazi Dodoma. Niombee radhi kwa Leticia.

Umenifanya niliwaze paa letu. Yale mabati ya upande wa jikoni tuliyapiga kabla mtoto hajazaliwa. Kama yanavuja niambie, nitume fedha mwezi huu huu.

Ramson


Msamala, Songea
11 Juni 2024

Ndugu Mkutubi,

Paa letu ni zima.

Kwangu bado haifunguki.

Beata


Maktaba ya Chuo, Mwanza
12 Juni 2024

Mpendwa Mama Leticia,

Shikamoo. Mimi ni Lightness, nakaimu dawati kwa kuwa Bwana Ramson yuko safarini. Pole sana na usumbufu. Hatujawahi kuonana lakini nakufahamu kwa picha iliyoko mezani kwake, ile ya kipaimara, umevaa kitenge cha kijani.

Nimeichunguza akaunti yako ili nijue tatizo liko wapi, na kwa kweli, Mama, sijaliona. Inafunguka vizuri tangu tarehe nne Machi. Kwenye taarifa ya matumizi tunayoitoa kila mwisho wa mwezi wewe ndiye unayeongoza. Umepakua makala nyingi kuliko mwanafunzi yeyote wa uzamili, hata hawa waliopo hapa chuoni hawakufikii. Nilidhani labda kuna mtu anatumia namba yako, lakini naona yote ni Songea, mkonge, njaa na mahari, kwa hiyo ni wewe. Taarifa hiyo huiandaa Bwana Ramson mwenyewe, akifika kwenye jina lako huwa anakaa hapo kidogo. Nikafikiri mmeshaongea.

Kama ni simu ndiyo inasumbua, jaribu kufuta kumbukumbu za kivinjari, huwa inasaidia.

Yeye yuko Dodoma kwenye usaili wa ukuu wa maktaba ya kampasi mpya ya huko. Mkataba ni wa miaka minne, na nyumba anapewa juu yake. Wote hapa tunamwombea apate. Hongera mapema, Mama.

Wako mtiifu,
Lightness Masanja


Msamala, Songea
30 Juni 2024

Ramson,

Leo simwandikii mkutubi.

Ni kweli, ilifunguka siku ile ile ya kwanza. Niliingia, nikaona kila nikigusa makala inakubali, nikashangilia peke yangu sebuleni mpaka Leticia akaja kutazama kuna nini. Halafu furaha ikaniishia. Nikafikiri, basi, nimeshasaidiwa, sina tena cha kumuuliza. Ndiyo maana nikakuandikia kwamba imekataa. Kisha nikaandika tena.

Na wewe ulijua. Ulijua tangu Machi, ukaendelea kunielekeza mlango ambao nilikuwa nimeshaupita na viatu nimevua. Niliposoma hilo kwa Lightness sikukasirika hata kidogo. Nililia, nakuambia kama lilivyo, nikasema kumbe naye.

Kilichoniumiza ni aya iliyofuata. Miaka minne, Ramson. Nimeambiwa na binti wa dawati, akanipa na hongera. Nilikuwa nimekaa chumba cha walimu shuleni ninakofundisha, wenzangu wanasahihisha mitihani, nikajifanya nimepaliwa na chai. Ulipoondoka uliniambia Mwanza ni ya mpito. Mimi nikawaambia wazazi ni ya mpito, nikamwambia mtoto ni ya mpito, na mimi mwenyewe nikaliamini neno hilo kuliko wote.

Nakuhitaji hapa. Sihitaji fedha, sihitaji bati. Nataka nikusikie ukikohoa chumba cha pili. Nataka tugombane uso kwa uso, nikinuna uwe karibu uone nimenuna. Nimezisoma makala zote zile, na ndani yake wanaume ama wanarudi wamezeeka ama hawarudi, na mwanamke aliyebaki anaandikwa kwenye sura ya mwisho inayoitwa "Athari". Sitaki kuwa athari yako.

Beata


Mwanza
2 Julai 2024

Mama Leticia,

Nimeipata kazi ile. Nilikusudia kukuambia nikiwa nimeshajua jibu, kama wewe ulivyotaka kuniambia la kusoma ukiwa na kitu mkononi. Tunafanana, na kufanana kwetu ndiko kunakotuponza.

Ndiyo, nilijua. Mwisho wa Machi nilipoandaa taarifa, jina lako lilikuwa juu kabisa. Shida yako yote ilikuwa ya aya moja, Beata, na aya hiyo nilikuandikia siku ya kwanza. Yaliyofuata niliyakata vipande makusudi, kipande kimoja kila barua, ili uandike tena. Kazi ya mkutubi ni kumfundisha mtu mpaka asimhitaji tena mkutubi. Mimi kwako niliomba usielewe upesi. Na lile la paa, naona aibu kukuambia, sikulielewa mpaka nikiwa ndani ya basi, tumeshapita Shinyanga. Nilijipiga paji la uso, mama wa kiti cha pembeni akanipa maji.

Natakiwa nisaini kabla mwezi haujaisha. Nimeulizia Songea. Nafasi iliyopo ni ya kutunza maktaba ya chuo kimoja kidogo cha ualimu: chumba kimoja, kompyuta chache, mshahara unashuka, cheo hakuna. Ngazi hii nimeipanda tangu nikiwa karani wa kupanga vitabu rafuni, na kusema kweli naogopa kushuka. Nikifikiria kusaini naogopa pia. Mkono wangu umekuwa mzito pande zote.

Niamulie wewe. Ukisema nije, nitakuja. Ukisema nisaini, nitasaini na sitakulaumu.

Ramson


Msamala, Songea
6 Julai 2024

Baba Leticia,

Sikuamulii.

Nikikuambia njoo, siku umeme utakapokatika kwenye hicho chumba kimoja, ukakaa gizani na kompyuta zako, utanitazama mimi. Hutasema kitu, lakini utanitazama. Nikikuambia saini, nitakuwa mimi ndiye niliyekufukuza, na mtoto akikua nitamweleza nini? Wanaume ninaowaandika walichukuliwa, wakapewa namba, wakapakiwa. Hakuna aliyewauliza. Wewe umeulizwa. Usiniletee mimi nikujibie.

Na usidhani nasema hivi kwa ujasiri. Nimeandika "njoo" kwenye barua hii mara kadhaa, nikafuta. Ukitazama vizuri labda utaliona lilipokuwa.

Sura ya pili imepita. Dakta Gaspari amesema vyanzo sasa ni vingi, nipunguze. Bibi Notburga nimemsomea kipande chake. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimekiandika sawa, ila nimesahau kueleza kwamba alikuwa mzuri.

Nitafanya kama wanavyofanya watafiti wako: swali moja, liko wazi, bila kisingizio ndani yake. Nalituma dawatini na nitalisubiri kwa zamu yake.

Unakuja nyumbani au huji?

Beata


Maktaba ya Chuo, Mwanza
26 Agosti 2024

Kwa watumiaji wote wa maktaba walioko nje ya chuo

Ndugu watumiaji,

Mnaarifiwa kwamba kuanzia leo maswali yenu kuhusu rasilimali za kielektroniki yatajibiwa na mimi niliyetia saini hapa chini. Bwana Ramson Ngonyani hayupo tena kwenye dawati hili. Anwani ya kuandikia haijabadilika. Wale ambao bado wanaombwa kulipia makala wahakikishe wameingia kupitia ukurasa wa maktaba.

Kabla ya kukabidhi ofisi, Bwana Ramson aliyajibu maswali yote yaliyokuwa mezani kwake, isipokuwa moja.

Wenu,
Lightness Masanja
Dawati la Msaada

Mama Leticia, shikamoo. Hapa naandika kwenye nakala yako peke yake. Hilo moja ni lako. Limekaa muda mrefu, nami nilitaka nilijibu ili dawati lisionekane linachelewesha watu, akanikataza. Amesema analijibu mwenyewe kwa mdomo. Barua yake ya uhamisho wa kuja huko nimeiona kwenye faili, imeandikwa "kwa maombi yake mwenyewe". Tumemsindikiza stendi asubuhi hii.